Nimpake Nini? Mwongozo wa Kutibu Maambukizi ya Ngozi kwa Mbwa na Paka, Nairobi

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hilo: "Daktari, nimpake nini?" Linakuja kwa WhatsApp pamoja na picha yenye giza, linakuja saa mbili usiku kwa simu, na wakati mwingine linakuja kwenye matatu mtu akishajua kazi yangu. Mimi ni daktari wa mifugo, na wagonjwa wangu wengi ni mbwa na paka wa Eastlands: mbwa wa kulinda ploti, vijibwa vyeupe vya ghorofa ya nne, paka wa duka aliyewekwa kwa ajili ya panya.

Jibu langu huwa swali: umeshampaka nini? Karibu kila mara amepaka kitu. Oili chafu ya gari, Jik, maji ya chumvi, krimu ya kemisti iliyobaki baada ya mtoto kupona. Kwa hiyo nimeandika hatua zote hapa, kwa mtu anayeanza, ili usome kabla hujashika kopo lolote.

Mwongozo huu haukufanyi daktari. Utakusaidia kujua unachokiona, kuosha mnyama ipasavyo, kulinda watoto wako, na kutambua wakati wa kuacha kujaribu nyumbani.

Unapambana na nini

Magonjwa ninayozungumzia ni matatu.

La kwanza ni bakteria. Kwa mbwa, anayesumbua zaidi anaitwa *Staphylococcus pseudintermedius*. Huyu huishi kwenye ngozi na puani mwa mbwa mzima bila kumdhuru. Ngozi ikidhoofika kwa sababu ya viroboto, mzio, utitiri (vidudu vidogo sana vya ngozini), homoni zilizoyumba au unyevu usiokauka, anaongezeka na kushambulia. Utaona vipele vyenye usaha tumboni na mapajani. Kipele hukaa siku chache tu, kisha kinapasuka na kuacha duara lenye magamba pembeni na katikati pakavu. Kwa mbwa mwenye manyoya mafupi utaona koti lote limekuwa na vishimo vishimo, kama sweta lililoliwa na nondo. Duara hilo limewadanganya wengi sana. Mtu analiona, anasema "hii ni mashilingi", yaani choa, ananunua dawa ya kuvu, na mwezi unakatika bakteria wakiendelea kustarehe.

La pili ni chachu iitwayo *Malassezia pachydermatis*. Nayo ni mkazi wa kawaida wa ngozi, ikipata mafuta na joto inafurika. Utaijua kwa pua kabla ya macho, maana inatoa harufu ya mafuta ya kupikia yaliyoharibika, na mkono unabaki na utelezi ukimpapasa. Hupenda masikio, katikati ya vidole, kwapani, chini ya shingo na kuzunguka mkundu. Ikikaa muda mrefu ngozi hugeuka nyeusi na kuwa nene kama ya tembo.

La tatu ni choa, ugonjwa wa kuvu ambao hapa Nairobi wengi tunauita mashilingi. Kwa paka karibu kila mara ni *Microsporum canis*. Huanzia usoni, masikioni au miguuni: nywele zinakatika, ngozi inabaki na vumbi la kijivu kama jivu la sigara. Paka wengi hawajikuni hata kidogo, na baadhi wanabeba vimelea bila alama yoyote. Kati ya haya matatu, hiki ndicho kinachoambukiza watu kwa urahisi.

Neno moja zaidi kuhusu paka. Vipele vya bakteria vya aina ile ya mbwa ni nadra kwao. Paka dume akirudi asubuhi na uvimbe laini, wa moto, shavuni au kwenye shina la mkia, hilo ni jipu la kung'atwa na paka mwenzake. Linahitaji kupasuliwa, kusafishwa na dawa kutoka kwa daktari. Shampuu haitasaidia kitu.

Usianze nyumbani ukiona haya

Mpeleke kwa daktari leo ikiwa kuna mashimo yanayotoa damu na usaha, ikiwa uso wa mtoto wa mbwa umevimba na kutoa usaha, ikiwa hali chakula au ana homa (joto la kawaida la mbwa na paka ni kati ya nyuzi 38 na 39.2), au ikiwa ni kitoto cha paka kilichonyong'onyea. Kadhalika kama nyumbani kuna mtoto mchanga, mtu anayetibiwa saratani, au mtu mwenye kinga dhaifu na wewe unashuku choa.

Andaa vitu hivi

- Shampuu yenye klorheksidini ya asilimia 2 hadi 4. Kwenye chupa utaona neno chlorhexidine. Kwa chachu na choa tafuta ile iliyochanganywa na mikonazoli, asilimia 2 kwa 2.
- Glavu za mpira, pea kadhaa.
- Mkasi wenye ncha butu, au mashine ya kunyolea ambayo haitatumiwa tena na binadamu.
- Simu yenye kamera na saa ya kuhesabu dakika.
- Karai au ndoo mbili, kikombe cha kumiminia, na maji vuguvugu. Mbwa wa ukubwa wa German Shepherd humaliza kama mitungi miwili ya lita 20. Kama mtaani kwenu maji huja kwa zamu, panga siku za kuosha kufuata ratiba hiyo, usiishiwe katikati ya povu.
- Taulo mbili za mnyama peke yake.
- Kola ya plastiki ya kumzuia kujilamba.
- Mswaki mpya. Ndiyo, wa meno. Kazi yake utaiona mbele.
- Uzito halisi wa mnyama. Panda kwenye mzani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe.

Hatua ya 1: Angalia, piga picha, usipake

Mtoe nje kwenye mwanga wa mchana. Mlaze chali, gawanya manyoya kwa vidole, kagua tumbo, mapaja, kwapa, katikati ya kila kidole, ndani ya masikio, chini ya mkia. Piga picha mbili za kila sehemu: moja kwa mbali ili ijulikane ni wapi, nyingine kwa karibu. Weka sarafu ya shilingi kumi kando ya kidonda ili baada ya wiki ujue kama kinakua au kinapungua.

Kisha fanya kipimo cha viroboto. Mchane juu ya karatasi nyeupe iliyolowa. Ukiona punje nyeusi zinazoacha rangi nyekundu ya kutu kwenye unyevu, hicho ni kinyesi cha viroboto, damu iliyosagwa. Hata usipomwona kiroboto mwenyewe, wapo.

Usimwoshe kabla ya kumpeleka kwa daktari siku hiyo. Kila mwezi naletewa mbwa anayenukia marashi, ngozi imesuguliwa vizuri, na hakuna kipele hata kimoja kilichobaki cha kuchukulia sampuli. Nia ya mwenyewe ni njema na heshima kwangu naiona, lakini ushahidi umeenda na maji.

Hatua ya 2: Omba vipimo, usiombe sindano

Hapa ndipo pesa yako inapookolewa. Vipimo vya ngozi ni vya kale, ni vya bei nafuu, na vingi hukamilika ukiwa umekaa palepale.

Selotepu hugandishwa kwenye ngozi, inatiwa rangi, inaangaliwa kwa hadubini. Chachu ya *Malassezia* huonekana kama alama za nyayo ndogo au karanga mbili kwenye ganda, na bakteria huonekana kama vidoti vilivyojikusanya. Kukwangua ngozi hutafuta utitiri, maana ukurutu na utitiri wa vinyweleo hufanana sana na maambukizi ya bakteria, na mara nyingi huwa pamoja. Kwa choa, kuna taa ya urujuani inayofanya nywele zenye *Microsporum canis* kung'aa kijani cha tufaha. Ila si kila nywele iliyoambukizwa hung'aa, kwa hiyo taa ikikosa kitu mnyama bado hajasafishwa jina. Nywele huoteshwa maabara, na matokeo huchukua hadi wiki mbili au tatu.

Kliniki ya mtaani kwenu ikiwa haina hadubini, uliza wanapopeleka sampuli. Kuna kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, na zipo maabara za binafsi. Muulize anayemtibu kama amesajiliwa na KVB, bodi ya madaktari wa mifugo. Si utovu wa adabu kuuliza. Mimi hufurahi nikiulizwa.

Kinachonisikitisha ni ile sindano moja ya "kumaliza kila kitu". Mara nyingi ndani yake mna steroidi. Kuwasha kunakoma kwa siku mbili tatu, mwenye mbwa anashukuru, kisha kinga ya ngozi inashuka na ugonjwa unarudi umeota mizizi. Kuna hali za mzio ambapo steroidi ni dawa halali, na mimi huzitumia. Lakini hupewa baada ya kujua ni nini, na kamwe si kwa mnyama mwenye choa.

Hatua ya 3: Maliza viroboto kwanza

Mtibu kila mbwa na kila paka nyumbani siku moja. Ukimtibu mmoja, wengine watamrudishia. Kiroboto mkubwa unayemwona ni sehemu ndogo tu ya jeshi, maana mayai na mabuu wako kwenye matandiko, nyufa za sakafu na chini ya kochi. Fagia, kung'uta, fua matandiko kwa maji moto, na urudie dawa kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti bila kuruka.

Onyo kubwa kuliko yote humu: dawa ya viroboto ya mbwa yenye neno permethrin huua paka. Anaanza kutetemeka, kisha degedege. Kichupa kimoja cha mbwa mkubwa kinatosha. Vilevile dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi, ile watu hupimiwa kwenye chupa ya soda pale agroveti, usimguse nayo paka kabisa, na usimwogeshe nayo mbwa kwa kukadiria na kifuniko. Soma jina la kemikali, usisome picha ya mnyama pekee.

Hatua ya 4: Nyoa kidogo

Manyoya yaliyogandamana na usaha huzuia dawa kufika kwenye ngozi. Kata kuzunguka kidonda, upana wa vidole viwili nje ya ukingo. Kile kidonda chekundu chenye majimaji kinachotokea ghafla, hasa kwa mbwa wa manyoya mengi wakati wa mvua, hukauka haraka mno kikishapata hewa. Kinauma sana, kwa hiyo mfunge mdomo kwa kitambaa laini kama unaona atang'ata. Akikung'ata hata kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali, chanjo ya kichaa cha mbwa si jambo la kubahatisha.

Kwa choa, nyoa nje ya nyumba ukiwa na glavu, weka nywele kwenye mfuko na ufunge. Wala usimpeleke kwenye saluni ya mbwa akiwa na choa, utaacha ugonjwa kwenye mashine yao.

Hatua ya 5: Osha kwa dakika kumi kamili

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote.

1. Lowesha mnyama mpaka ngozini, si juu ya manyoya tu. Kwa mbwa wa manyoya mengi hii peke yake ni dakika tano.
2. Anza kupaka shampuu pale palipoathirika zaidi. Kisha enda mwili mzima: katikati ya vidole, kwapani, mikunjo ya shingo, chini ya mkia.
3. Sasa, povu likiwa limeenea kila mahali, ndipo uwashe saa. Dakika kumi. Klorheksidini inahitaji muda huo kuua. Watu wengi hupaka dakika moja, wanamwaga maji, kisha wanasema dawa ni feki.
4. Katika dakika hizo msugue taratibu kwa vidole, mwimbie, mpe vipande vya kitu anachopenda. Mbwa mmoja wa Umoja ninayemfahamu alikuwa akirukia ukuta wa bafu kila akiona karai. Mwenyewe akaanza kumbandikia siagi ya karanga kidogo ukutani, kwa urefu wa pua yake. Sasa analamba ukuta dakika zote kumi bila kugeuka. (Soma kopo la siagi hiyo: ikiwa na zailitoli, ile sukari ya bandia, ni sumu kwa mbwa.)
5. Suuza mpaka maji yatoke bila povu, kisha suuza tena. Mabaki ya shampuu huwasha.
6. Kausha kwa taulo, bila kusugua kwa nguvu. Bonyeza. Kausha katikati ya vidole. Usimrudishe kwenye banda lenye sakafu ya simiti iliyolowa, hasa Julai wakati jua limejificha wiki nzima. Mwekee ubao au kiroba kikavu.

Rudia mara mbili kwa wiki, kwa wiki tatu hivi, au kama daktari alivyosema. Kwa ugonjwa wa juujuu, kuosha kwa namna hii mara nyingi kunatosha bila kidonge hata kimoja, na ndivyo wataalamu wa ngozi wanavyoshauri siku hizi kwa sababu ya usugu wa dawa.

Usiruhusu shampuu iingie machoni, maana klorheksidini huunguza mboni. Usiimwage ndani ya sikio pia, maana kiwambo kikiwa kimetoboka inaweza kumwondolea usikivu. Na sabuni ya kipande, ile ya kufulia, iache kwenye nguo, inakausha ngozi na kuivunja kinga.

Kwa paka: usilazimishe karai. Paka aliyeogopa hupasua mikono na husahau kula. Muulize daktari kuhusu vitambaa vyenye klorheksidini na mikonazoli, au dawa ya chokaa na salfa ambayo hupakwa mwili mzima bila kusuuzwa. Hiyo ya pili inanuka mayai viza na kuchafua pete za fedha, lakini kwa choa inafanya kazi sana. Mfungie kola mpaka akauke asije akajilamba. Paka mwenye vipele vyeusi kidevuni, mbadilishie bakuli la plastiki kwa la bati au la udongo, na ulioshe kila siku.

Hatua ya 6: Dawa ya kumeza, kama imeandikwa

Antibayotiki za kemisti usizinunue kwa kukisia. Amoksilini, ambayo kila nyumba ina mabaki yake, kwa kawaida haifui dafu hapa, kwa sababu stafilokoki wengi, wale bakteria wa ngozi, hutoa kimeng'enya kinachoivunja. Daktari akiandika sefaleksini, dozi hufuata uzito na mara nyingi ni mara mbili kwa siku. Mpe mpaka tarehe aliyosema, hata kama kufikia siku ya tano ngozi inameta. Umekosa dozi moja, endelea, usimpe mbili kwa pamoja.

Choa cha paka mara nyingi hutibiwa kwa itrakonazoli: wiki moja anameza, wiki moja anapumzika, akipakwa dawa ya nje muda wote huo. Usifungue kapsuli ya binadamu na kugawanya unga kwa jicho. Ketokonazoli ya kumeza usimpe paka. Griseofulvini usimpe jike mwenye mimba, inaharibu watoto tumboni.

Na paka akionekana ana maumivu, usimpe paracetamol. Kidonge kimoja huua.

Hatua ya 7: Kwa choa, tibu nyumba pia

Mama mmoja wa Komarock aliniletea kitoto cha paka cha rangi ya chungwa ndani ya kikapu cha sokoni. Alikuja kwa sababu ya kukoroma, si ngozi. Nilipokuwa nakisikiliza kifua nikaona mtoto wake wa kike, kama miaka sita, amesimama kando ya meza akijikuna ndani ya kiwiko. Duara tatu nyekundu, ukingo umeinuka, katikati pamepauka. Nikageuza sikio la paka kwenye mwanga: ukingoni kulikuwa na kijisehemu kisicho na nywele, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Nikauliza, "Mama, huyu analala wapi?" Mtoto akajibu mwenyewe: "Kwa shingo yangu."

Mtoto alienda hospitali, paka akaanza dawa, na nyumba ikasafishwa. Hakuna aliyetupwa. Nasisitiza hivyo kwa sababu kila mwaka paka hutupwa kwenye dampo kwa sababu ya ugonjwa unaotibika.

Mbegu za choa hukaa kwenye nywele zilizodondoka kwa miezi mingi. Fanya hivi:

1. Mtenge paka kwenye chumba kimoja chenye sakafu ya kupigwa deki. Mtembelee, umpende, ucheze naye, lakini badilisha nguo na uoshe mikono ukitoka. Kitoto kilichofungiwa peke yake wiki nyingi hukua na woga, kwa hiyo usipunguze muda wa kukaa naye.
2. Fagia nywele zote kwa kitambaa chenye unyevu, mara mbili kwa wiki. Ufagio mkavu hurusha mbegu hewani.
3. Piga deki kwa sabuni, suuza.
4. Baada ya hapo tu, pangusa kwa Jik iliyozimuliwa, mililita 30 kwa lita moja ya maji, uache kwa dakika kumi. Jik juu ya uchafu haifanyi kitu. Usiichanganye na dawa nyingine ya choo, fungua madirisha, na usimrudishe paka mpaka pakauke. Kwenye ngozi ya mnyama, Jik kamwe.
5. Fua matandiko mara mbili mfululizo, na usijaze beseni, nguo zizunguke vizuri.
6. Zulia ambalo huwezi kuliosha, likunje na uliweke mbali mpaka matibabu yaishe.

Hatua ya 8: Rudi kwa daktari

Rudi wiki ya pili au ya tatu, hata kama anaonekana amepona, na beba zile picha za mwanzo. Kwa choa, macho hayatoshi. Hapa ndipo mswaki mpya unapoingia: msugue paka mwili mzima kwa mswaki huo, hasa masikio na makucha, uweke kwenye mfuko safi, upelekwe maabara kuoteshwa. Dawa huachwa kwa matokeo hayo.

Vitu ambavyo nakusihi usipake

Oili chafu ya gari inaziba ngozi, na mnyama akijilamba anakunywa sumu ya metali na petroli. Imeua mbwa ambao wangepona kwa shampuu. Dettol na dawa nyingine za jamii ya fenoli ni sumu kwa paka, ini lao haliwezi kuziondoa. Mafuta ya mti wa chai (tea tree oil) yasiyozimuliwa yanatetemesha mbwa na paka. Krimu za kemisti za "kuvu" zenye steroidi kama betamethasoni au klobetasoli huficha choa kwa wiki moja huku kikienea chini kwa chini. Aloe vera ya uani, anayejilamba ataharisha.

Mambo yakienda mrama

*Amemeza dawa wiki mbili na vipele viko palepale.* Kwanza hakikisha uzito uliotumika ni wa kweli na dozi hazikurukwa. Kama zote zilikuwa sawa, acha kubadilisha dawa kwa kubahatisha. Omba usaha uoteshwe maabara ujulikane bakteria gani na dawa gani inamuua. Wapo stafilokoki sugu wasiosikia dawa za kundi la penisilini na sefaleksini, na kwa hao kuosha kwa klorheksidini bado husaidia. Omba pia akwanguliwe ngozi upya.

*Anapona, mwezi ukipita anarudia.* Maambukizi ni mgeni tu, kuna aliyemfungulia mlango. Anza kwa viroboto. Wakikosekana, fikiria mzio: mbwa anayelamba miguu na kujikuna masikio tangu akiwa na mwaka mmoja hivi anaelekea huko. Watu hulaumu ugali na omena, lakini kwa mbwa, vyakula vinavyotajwa zaidi kwenye mzio ni nyama ya ng'ombe, maziwa na kuku. Kujua ni kipi kunahitaji lishe maalumu ya wiki nane bila kudokoa kitu kingine, hata mfupa wa jirani. Mbwa mzee anayenenepa, mlegevu, manyoya yakipungua pande zote mbili kwa ulinganifu, apimwe homoni.

*Kuwasha kumezidi baada ya kuosha.* Mara nyingi ni kutosuuza vizuri. Suuza tena leo kwa maji matupu. Ngozi ikiwa nyekundu kila mahali palipoguswa na shampuu, iache na umwambie daktari.

*Watu nyumbani nao wanajikuna usiku.* Vipele vidogo mikononi na kiunoni, mbwa naye anajikuna kingo za masikio na viwiko kwa wazimu: shuku ukurutu, ambao ni utitiri, si kuvu wala bakteria. Dawa yake ni tofauti kabisa. Ivermektini ya ng'ombe usimdunge mwenyewe, inaweza kuwaua mbwa wa jamii ya Collie na wenye damu yao, na huwezi kujua damu hiyo kwa kumtazama.

*Paka amepona lakini mtoto amepata duara jipya.* Kuna paka mwingine nyumbani asiye na alama, au sehemu haikusafishwa. Mswaki kwa kila mnyama, mmoja mmoja, usichanganye.

*Sikio linanuka na limejaa uchafu wa kahawia.* Usimwage spiriti wala mafuta ya kupikia. Sikio linahitaji kuangaliwa ndani kwanza, na dawa yake ni ya sikio.

*Ngozi imebaki nyeusi.* Baada ya chachu ya muda mrefu weusi huchukua miezi kufifia. Maadamu hajikuni, hanuki na mkono hautelezi, usiendelee kumpaka chochote.

Ukimpigia daktari, mwanzie hapa: umri, uzito, kilianzia wapi na lini, kilianza kwa kuwasha au kwa vipele, anakula nini, wanyama na watu wangapi wengine wana alama, na kila kitu kilichopakwa, hata kile unachoona haya kukitaja. Oili ikitajwa mapema, tunajua la kuosha kwanza.